Acheni kupiga 777 kwenye mitambo ya watu

Juzi nimeitwa na kikundi cha wavuvi hapa Lamu, chumba chao cha baridi kimezima usiku na ile mashine ya kupima joto haikulia hata mara moja. Nafika asubuhi nakuta jodari na kolekole washatolewa nje, harufu ishaanza, na mzee mmoja ananiuliza, "Mwanangu, si mlituambia hii italia?" Mimi siye niliyeifunga, lakini nilinyamaza, mana kwake yeye mafundi wa kompyuta ni wamoja, na kusema kweli hajakosea.

Nikaifungua nikakaa nayo mpaka adhuhuri. Ndani ni kikompyuta cha Linux na kadi ya memori, programu tatu: moja inasoma sensa, moja inatuma data kwa laini ya simu, ya tatu ni ukurasa ambao mwenyekiti anaweka kiwango cha joto cha kengele kulia. Zote tatu zinaendeshwa kama ruti, yaani mkuu wa mfumo mwenye ruhusa zote, na folda nzima ya data imepigwa chmod 777, yaani kila programu na kila mtu aweza kusoma, kuandika na kufuta humo. Netiweki ilikatika siku kadhaa, ile ya kutuma ikawa inamwaga logi (kumbukumbu) za makosa mfululizo mpaka kadi ikajaa. Kwa kawaida ext4, ule mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi, inamwekea ruti akiba ya asilimia 5 ili mfumo usikabwe kabisa, lakini kama kila kitu ni ruti basi na hiyo akiba imeliwa. Halafu mtu akabadilisha kiwango cha kengele, programu ikafungua faili la mipangilio ikalifuta ili iandike upya, nafasi hakuna, faili likabaki baiti 0. Hakuna kiwango, hakuna kengele, samaki wa watu wameoza.

Hivi jamani, nyumba zetu tunazijua. Mgeni unampokea dakani, pale barazani mlangoni. Akiwa mtu wa karibu anafika kiwandani, yaani uani, vyumbani haingii, na hakuna anayeona ametukanwa. Sasa programu ya kutuma data, ambayo ndiyo inayoongea na intaneti mchana na usiku, yaani ndiyo mgeni hasa, vipi inapewa ufunguo mpaka chumba cha ndani kabisa?

Na kazi yenyewe si kubwa. Kila programu iwe na yuza (akaunti) wake. Folda ya vipimo iwe na ruhusa 2750: ya sensa inaandika, ya kutuma imo kwenye kundi inasoma tu, wengine hawaoni kitu, na ile 2 ya mwanzo inafanya mafaili mapya yarithi kundi la folda, umask (ruhusa zinazoondolewa kwenye mafaili mapya) ukiwa 027 basi umemaliza. Logi zipeleke kwenye tmpfs, folda inayokaa kwenye RAM badala ya kadi, yenye kikomo, megabaiti 8 zinatosha, ikijaa ijikabe yenyewe bila kumgusa jirani. Mipangilio iwe kwenye patisheni yake, sehemu ya kadi iliyotengwa, na iandikwe faili la pembeni kwanza ndio libadilishwe jina lichukue nafasi ya lile la zamani.

Kuna mifumo ya kuendesha kompyuta imejengwa hivi toka msingi. Genode, uliozaliwa chuo kikuu cha Dresden kule Ujerumani, komponenti (kipande cha programu) usiyoipa njia ya faili haina hata pa kuombea, na kwenye seva yake ya mafaili unaandika sera kwa kila programu inayoitumia, mzizi wake ni folda gani, na usipotamka kwamba yaweza kuandika basi inasoma tu. Sawa, nakubali, mipangilio yake ni mirefu inachosha, na draiva (programu za kuendesha vifaa) za vibodi vya bei rahisi huzipati zote. Nakubali pia kwamba mezani unapotafuta kosa, 777 ya nusu saa haiui mtu. Lakini ile iliyokwenda gatini na kuachwa huko miezi, hiyo siikubali, na "mteja alikuwa anasubiri" si jibu, mteja alikuwa anasubiri mashine itakayolia.

Nimeirudisha jana. Mzee akataka aone kwa macho yake, basi nikaijaza ile tmpfs makusudi mbele yake, kiwango cha kengele nikakibadilisha hapo hapo, tukaacha mlango wa chumba wazi. Joto likapanda, ikalia. Akasikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akasubiri chumba kipoe, akaniambia niijaribu tena.