Jogoo wa kuja, koo wa nyumbani

Ukilalamika Kisauni au Likoni, Mombasa, kwamba kuku wako hawatagi, jibu ni moja: tafuta jogoo wa kisasa uchanganye, utapata mayai na nyama. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Koo wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, huatamia siku 21, kisha hulea. Mwaka ukiisha amekupa mayai 40 hadi 60 hivi. Kuku wa Kuroila wenye asili ya India, au kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Naivasha, hupita 150 wakilishwa vizuri. Mwachie jogoo wa aina hiyo makoo wako, na uzao wa kwanza utakuwa na miili mikubwa kuliko mama zao.

Lakini "wakilishwa vizuri" ndipo penye kesi. Kuku wa kutaga sana anataka kama gramu 120 za chakula kila siku. Kuku wa uani kwetu anapewa machicha ya nazi na ukoko wa wali, mengine anajitafutia. Chotara ukimlisha hivyo, atakula kama mgeni na kutaga kama mwenyeji.

Hilo la chakula navumilia. Linaloniuma ni kuatamia. Kuku akiatamia hatagi, kwa hiyo waliozalisha mbegu za mayai waliipunguza tabia hiyo makusudi. Mwaka jana tetea wangu chotara alilalia mayai kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikamkuta nje anaoga vumbi, mayai baridi. Nikapasua moja: kifaranga kishaota mdomo. Mwenye mashine ya kutotolesha hatajali. Mimi mashine yangu ni koo.

Na koo huyo ndiye mlinzi. Pwani adui wa vifaranga ni kunguru kuliko mwewe. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, na bado wapo juu ya mapaa yetu. Mama wa kienyeji humrukia kunguru kabla hajatua. Vifaranga wa kununua hawana mama, basi mlinzi ni wewe na wavu wako.

Wapenda nyama watakutajia kuchi, yule mrefu wa Pwani. Kimo anacho, ila mayai yake machache na ugomvi mwingi. Watoto wake wa kiume utawatenganisha mapema.

Kwa hiyo sipingi kuchanganya. Napinga kuchanganya kusikoisha. Uzao wa kwanza hulingana. Ukiwazalisha wao kwa wao, wajukuu hutoka kila mmoja na lake, mkubwa asiyetaga, mdogo asiyeatamia. Na ukimwachia jogoo binti zake, unaongeza udhaifu. Mimi makoo wa kienyeji sichinji, chotara wote huishia sufuriani au sokoni, na jogoo nabadilisha. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, wapate wote. Damu ngeni si kinga.

Jogoo ninayemtaka sasa ni kishingo. Shingo tupu humpunguzia joto letu hili, na damu yake ina nguvu: vifaranga nusu au zaidi humfuata. Juzi sokoni Kongowea nilionyeshwa mmoja, bei juu. Nilipomshika shingoni nikapapasa vishina vya manyoya. Alikuwa amenyonyolewa kwa mkono.