Kinachokatisha hedhi ni mbio au njaa?

Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, unapokaribia, Mbeya na Iringa husikika tena kauli ya wazazi kwamba mbio ndefu humharibia binti kizazi. Kauli hiyo haikuzuka hewani. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1985, wanawake vijana 28 wasio wanariadha, waliokuwa na hedhi ya kawaida, walifanyishwa mazoezi makali. Katika kipindi hicho ni wanne tu waliobaki na mzunguko usio na kasoro.

Hata hivyo, yanayosimuliwa kidogo kuhusu utafiti huohuo ni kwamba waliopungua uzito ndio walioathirika zaidi, na kwamba wote walirudia hali ya kawaida ndani ya miezi 6 baada ya kuacha. Baadaye mtafiti Anne Loucks alionyesha kuwa mazoezi yenyewe hayavurugi mapigo (utolewaji wa vipindi kwa vipindi) ya homoni ya LH, ile inayoiamsha ovari kupevusha yai, iwapo chakula kitafidia nguvu iliyotumika. Mapigo hayo huyumba mwili unapobakiwa, baada ya mazoezi, na chini ya kilokalori 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito usio mafuta.

Tuipeleke hesabu hiyo jikoni. Binti wa kilo 50, ambaye kilo 40 kati ya hizo si mafuta, anahitaji kubakiwa na kilokalori 1,200. Akiunguza 600 kwenye vilima, lazima ale 1,800 ili asivuke tu mpaka wa hatari, kiasi kinacholingana na nusu kilo ya unga mkavu wa mahindi. Mlinganishe na yule anayekimbia alfajiri, akaingia darasani na chai ya rangi, akasubiri ugali na maharage ya mchana, na hapo maji ya kuchota hayajahesabiwa. Haya yanatokea katika mikoa inayovuna mahindi, viazi na parachichi!

Hoja moja ya wazazi siwezi kuipuuza: estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, ikipungua kwa muda mrefu katika umri wa kujenga mifupa, uimara uliopotea huenda usirudi wote hata hedhi ikirejea. Kwa hiyo kocha anayedhani hedhi kukatika ni dalili ya kuiva kimazoezi anastahili lawama kuliko mzazi mwenye hofu. Hedhi ikikosekana miezi 3 binti apimwe, ujauzito ukiangaliwa kwanza, maana sababu ni nyingi. Lakini kabla hajaondolewa uwanjani, aulizwe asubuhi hiyo alikula nini.