Kiendelezi kisianze kazi kabla ya kuitwa

Kwenye chumba chetu cha kazi Kirumba, Mwanza, karibu na soko la Mwaloni, kuna ubishi uliotuchukua wiki mbili. Programu yetu hujumlisha uzito wa sangara na dagaa unaosomwa kwenye mizani. Upande wa kupokea data umeandikwa kwa Python. Kuchuja vipimo vinavyoyumba ni kazi ya kiendelezi cha C++, yaani faili la kodi ambalo Python hulipakia na kulitumia, na ndani yake kuna vitu vilivyotangazwa nje ya funksheni zote, kila kimoja na konstrakta yake, kodi inayoendeshwa kitu kinapojengwa. Konstrakta hizo zibaki au ziondolewe?

Python inapoingiza kiendelezi kwenye Linux, huita dlopen ili faili lipakiwe. Kabla dlopen haijarudisha jibu, konstrakta hizo zote zimeshafanya kazi. Ndipo Python inatafuta funksheni ya kuanzia, ile ambayo jina lake linaanza na PyInit. Kwa hiyo kodi yetu ilikuwa inafungua mafaili kabla Python haijaizungumzisha hata neno moja.

Kijana anayezitetea ana hoja, na sikuipuuza. Kupitia konstrakta yake, kila kichujio hujiandikisha chenyewe kwenye orodha. Ikija mizani ya aina mpya, unaandika faili moja tu, hugusi kazi ya mwenzako. Hata maktaba ya C++ yenyewe hutumia konstrakta za namna hii kuhakikisha std::cout, njia yake ya kuandika kwenye skrini, iko tayari mapema.

Lakini nakumbuka asubuhi ile mitumbwi ya dagaa imeshafika na programu ikagoma kuwaka. Konstrakta moja ilikuwa inasoma faili la vipimo vya mizani, faili halikuwepo, ikarusha kosa. Tulikuwa tumeizungushia import try na except, maneno ya Python ya kudaka makosa, tukidhani tumejilinda. Haikusaidia kitu. Kosa la C++ linalotoka kwenye konstrakta ya aina hii huishia std::terminate, amri inayoua programu papo hapo, na mkalimani wa Python, yaani programu inayoendesha kodi ya Python, anakufa pamoja na kila kitu alichoshika. Karani alirudi kwenye daftari, na akina mama waliokuja kununua dagaa wakasimama juani wakisubiri hesabu. Hilo liliniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Kuna na suala la mpangilio. Ndani ya faili moja la C++ vitu hujengwa kuanzia juu kwenda chini; kati ya faili na faili, lugha haikuahidi nani atangulie. Kichujio kinaweza kujiandikisha kwenye orodha ambayo bado haijajengwa, na kosa hilo hujificha hadi siku mtu atakapobadilisha mpangilio wa kuunganisha mafaili. Mwisho wa safari nao una hatari yake: Python haivipakui viendelezi, kwa hiyo vitu hivi hubomolewa mchakato unapofungwa, mkalimani akiwa ameshaondoka. Kitu kinachoshikilia rejeo la kitu cha Python wakati huo kitaachia kumbukumbu isiyo na mwenyewe.

Kuzifuta zote kwa hasira nako ni kukosea. Thamani zisizobadilika tumeziacha kama constexpr. Kompaila huzikokotoa mapema, hakuna konstrakta ya kuendeshwa wakati wa kupakia. Orodha ya vichujio tumeiweka ndani ya funksheni, ijengwe inapoombwa mara ya kwanza; tangu toleo la C++11 lugha inahakikisha ujenzi huo ni salama hata nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa sambamba, zikifika pamoja. Kusoma faili la mizani kumehamia kwenye funksheni inayoitwa kutoka PyInit, ambako kosa la C++ linadakwa na kugeuzwa ImportError, kosa ambalo Python inaweza kulidaka.

Gharama ipo. Sasa kila kichujio kipya kinahitaji mstari wake kwenye faili la pamoja, na juzi mwenzetu mmoja aliusahau. Yule kijana alinionyesha kwa kidole, na alikuwa na haki. Ila safari hii Python ilitaja jina la kichujio kilichokosekana, karani akatupigia simu, na mizani nyingine zikaendelea kupima.