Bibi yangu wa Ujiji atahitaji roboti ya Kiha

Mwandishi, katika makala yako umesifu roboti za Japani zinazowasaidia wazee kuishi peke yao, hadi ukamtaja Paro, yule roboti wa manyoya mwenye umbo la sili, mnyama wa baharini, ambaye Marekani ilimpitisha kama kifaa tiba mwaka 2009. Sawa. Ila bibi yangu yuko Ujiji, Kigoma, ana miaka 81, samaki wake wa migebuka anakaanga mwenyewe, na ukimwambia ahamie kwetu Mwanga ni ugomvi. Shida yake ni dawa za presha: anasahau kama ameshameza. Kidude cha kumkumbusha kwa sauti kingemtosha kabisa, lakini kiongee Kiha, lugha yake! Kile Kiswahili cha kwenye simu anasema kinamgombeza. Na kitunze chaji, maana umeme ukikatika jioni, huyo sili atalala kabla ya bibi.