Kipele cha siri hakitibiwi dirishani

Jumamosi jioni nilikuwa kwenye duka la dawa huku Tandika, nafuata dawa ya kikohozi ya mtoto. Mbele yangu alisimama kijana mwenye helmeti mkononi, akawa anawapisha waliomkuta pale. Nikadhani ni ustaarabu wake, kumbe alikuwa anasubiri tuishe. Alipoona watu wanazidi kuja, akainama kwenye uwazi wa nondo akanong'ona. Muuzaji akamjibu kwa sauti iliyofika barabarani: "Vipele vya huko chini? Vinauma au vinawasha?" Kijana akasema haviumi. "Basi si kitu kikubwa." Akafungiwa vidonge kwenye bahasha ya kaki, juu ikaandikwa 1×3, akalipa, akawasha pikipiki bila kumtazama mtu usoni.

Hasira haijaniisha mpaka leo. Ile sauti ilikuwa ukatili, hilo halina mjadala. Lakini kilichonichoma zaidi ni lile "haviumi" kupokewa kama habari njema.

Jamani, kaswende haiumi! Kidonda chake cha kwanza huanza kama kipele kigumu, mara nyingi kimoja tu, wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, ingawa kinaweza kutokea mapema siku ya 10 au kikachelewa mpaka siku ya 90. Hakiumi, mara nyingi hakiwashi, na kwa ambaye hajatahiriwa kinaweza kukaa chini ya govi asikione kabisa. Halafu ndani ya wiki 3 hadi 6 kinapona chenyewe. Hapo ndipo wanaume tunapoangamia, kwa sababu aliyekuwa anameza vidonge vya kwenye bahasha ya kaki ataapa kwamba ndivyo vilivyomponya. Atamwelekeza rafiki yake duka lile lile. Baada ya wiki au miezi anatokwa na vipele mwilini, hadi kwenye viganja na nyayo, anasema ni aleji, navyo vinapotea. Mdudu bado yumo. Anaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha akashambulia moyo, ubongo au macho. Na mkewe akishika mimba katikati ya ukimya huo, mtoto anaweza kufia tumboni.

Ugonjwa huu penisilini inauua tangu miaka ya 1940. Mpaka leo, ukiwahi katika hatua za mwanzo, dozi moja ya sindano ya penisilini ya benzathini inatosha. Kipimo chake cha haraka ni tone la damu ya kidoleni na kusubiri dakika 15 hadi 20. Wake zetu hupimwa VVU na kaswende wanapoanza kliniki ya ujauzito, na sisi tunaombwa tuwasindikize. Wangapi tunakwenda?

Sasa geuza upande wa pili. Kuna vipele vinavyowatoa vijana roho bure. Ni vidogo, vina rangi ya ngozi, vyote saizi moja, vimejipanga safu moja au mbili kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume kama shanga. Si ugonjwa. Havikuletwa na mwanamke, havikuletwa na uchafu, haviambukizi na havihitaji dawa yoyote. Vivyo hivyo vile vidoa vyeupe au vya manjano chini ya ngozi ya uume au pumbu, ambavyo ni tezi za mafuta tu. Wanaume wengi wanavyo tangu balehe, siku moja mtu anavitazama vizuri bafuni na usingizi unaisha.

Tulipokuwa sekondari, mwenzetu mmoja wa bwenini alikuwa na hivyo vya ukingoni. Hakumwambia mtu. Alikuwa amesikia kwamba maji ya betri yanaondoa chunjua, akayapaka kwa njiti ya kiberiti. Alipopelekwa hospitali alikuwa hawezi kuvaa suruali, anatembea amejifunga shuka. Daktari alimtibu jeraha la kuungua, kisha akamweleza kwamba alichokuwa akikichoma ni maumbile yake. Kovu analo mpaka leo, na ni baba wa watoto.

Kwa hiyo maumivu si kipimo, na woga nao si kipimo. Kisichouma kinaweza kuwa kaswende, na kinachokunyima usingizi kinaweza kuwa maumbile yako tu. Kipele kinahitaji macho ya mtu anayejua anachotafuta, kwenye mwanga wa kutosha, suruali ikiwa imeshuka. Muuzaji wa dirishani hakuona kitu. Alisikia "vipele" akauza. Neno hilo moja linabeba masundosundo, yaani vinyama vya sehemu za siri, ambayo yanaletwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 6 na 11, na ambayo antibayotiki hata umeze debe zima haiyagusi, maana yanahitaji kugandishwa, kuchomwa na mtaalamu au kupakwa dawa maalumu. Linabeba malengelenge yanayotoka kwa kundi, yanapasuka, yanauma kama moto, yanapona na kurudi tena, ambayo dawa yake ni asiklovia. Linabeba upele ule wa kuwasha usiku, ambao usipotibu nyumba nzima umefanya kazi bure. Linabeba vijipele vyenye kishimo katikati, linabeba pangusa, yaani vidonda laini vya zinaa vinavyouma, linabeba kinyweleo kilichoota kwa ndani baada ya kunyoa na wembe butu. Dawa ni tofauti, na vingine havina haja ya dawa. Bahasha ya kaki ni ile ile.

Na zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa kwa kila kinachowasha, ziogopeni. Muwasho unatulia siku chache huku fangasi wanasambaa chini yake, na ngozi ya pale ilivyo laini, inazidi kuwa nyembamba.

Ndui ya nyani, yaani mpox, nayo mmeisikia. Shirika la Afya Duniani liliitangaza dharura Agosti 14, 2024, baada ya mlipuko uliochipukia Kamituga, Kivu Kusini, huko Kongo, na Machi 2025 Tanzania ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza. Vipele vyake huweza kuanzia sehemu za siri.

Najua nitakachojibiwa: hospitali yenyewe unaijua? Naijua. Nakubali kwamba kwenye baadhi ya vituo unaulizwa shida yako kwenye dirisha la kadi, watu wako mgongoni. Nakubali kuna vyumba vya daktari ambavyo mlango haufungi, mtu anaingia kuulizia faili wakati wewe uko nusu uchi. Nakubali wapo wauzaji wa dawa waungwana wanaosema "kaka, hili nenda kituoni", nao wanastahili heshima. Pia nakubali kwamba mahali pasipo na maabara wahudumu wanatibu kwa kufuata dalili. Lakini hata huko, hatua ya kwanza kwa mwenye kidonda cha siri ni kumuuliza na kumkagua. Kumkagua! Na wataalamu tunao: Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo kituo kinachofundisha watibabu wa magonjwa ya ngozi na ya zinaa kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu 1992. Mlango unaofungika na pazia kwenye kitanda cha kukagulia havihitaji mfadhili. Waganga wafawidhi, hili liko ndani ya uwezo wenu, lifanyeni.

Kwenye dirisha la kadi sema tu "nahitaji kumwona daktari", si lazima uongeze neno. Ukitaka daktari mwanaume, omba. Kabla ya kwenda usipake kitu, usikamue, usikwangue, na usilale na mtu mpaka ujue ni nini. Kama kuna kidonda, mtoki umevimba kinenani, usaha unatoka, homa imepanda, au umekutana na mtu na sasa kimetoka kitu ambacho hakikuwepo, nenda kesho asubuhi. Kwa wazee, uvimbe au kidonda kisichopona, hasa chini ya govi, kinaweza kuwa saratani ya uume, na hii ukichelewa unakatwa. Pima na VVU siku hiyo hiyo, kwa sababu kidonda cha siri ni njia rahisi ya kuvipata.

Kisha kuna mwenzako. Najua hapa ndipo wengi wanakwama, kwamba bora nife nalo kuliko kumwambia mke. Mwambie. Ukishindwa kumwambia wewe, muombe mhudumu akusaidie, wamezoea na wanajua namna ya kulianza jambo. Kama ni kaswende, naye apimwe na achomwe sindano yake, kwa sababu kuwahi kuiugua hakukukingi, na asipotibiwa utaipata tena kwake, huku yeye akiendelea kuumia kwa ugonjwa ambao hajui anao.