Asilimia ya ufaulu na asili yake

Matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Februari 2013 yaliitia Tanzania simanzi: watahiniwa kama sita katika kila kumi walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Mwaka huohuo serikali ya Rais Kikwete ikaja na Matokeo Makubwa Sasa, mpango uliochukuliwa Malaysia. Upande wa shule za msingi, kila shule ikapangiwa nafasi kwa wastani wa mtihani wa darasa la saba na kupewa rangi, kijani, njano au nyekundu.

Siwabezi waliobuni orodha ile. Cilliers, Mbiti na Zeitlin, watafiti waliofuatilia, walikuta shule zilizoshika mkia wilayani mwao zikipandisha wastani na hata idadi ya waliofaulu. Hapakuwa na bonasi wala adhabu. Inaelekea kuonekana wa mwisho mbele ya wakubwa wa wilaya kulitosha. Kwa nchi isiyo na fedha za kumwaga, hilo si jambo dogo.

Ila watafiti haohao walikuta pia shule hizohizo zikiwapoteza wanafunzi kabla ya mtihani. Hesabu yake anaijua kila aliyesoma sehemu, kiasi juu, asili chini. Darasa lina watoto 60, wanafaulu 30: asilimia 50. Wanafunzi 10 walio wazito wa kuelewa wasipofika chumba cha mtihani, wanabaki 50, wanafaulu walewale 30, na shule inasoma asilimia 60. Hakuna aliyefundishwa kitu. Kumi wamerudi nyumbani, na daftari la mahudhurio litasema "mtoro".

Januari 2023 Necta, Baraza la Mitihani la Taifa, iliacha kutangaza shule kumi bora, na wengi walishangilia. Mimi nusu tu. Ushindani ule ulikuwa umegeuka tangazo la biashara la shule binafsi, sawa, lakini mzazi wa shule ya kata bado anahitaji takwimu ya kushika anapoingia kwenye kikao cha wazazi. Afadhali asili ibadilishwe, ufaulu ugawanywe kwa walioandikishwa darasa la sita, si kwa waliokaa kwenye dawati siku ya mtihani.

Na jedwali la nafasi za shule liongezewe safu. Lile la Matokeo Makubwa Sasa lilimpima mwalimu peke yake, wakati ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, iliyoahidiwa na serikali yenyewe, mara nyingi haikufika nzima. Kiasi kilichofika kiandikwe palepale, kando ya rangi nyekundu ya shule, pamoja na jina la halmashauri.