Poda ya Kansas na mashudu ya Igunga

Kila ninapopiga simu nyumbani Igunga, tukishamaliza salamu na habari za mvua, swali linalofuata ni lile lile: huko Marekani wanawapa ng'ombe dawa gani hata wananenepa kiasi kile? Wanaouliza wameziona picha nilizotuma, za maksai weusi wenye migongo mipana kama kitanda cha kamba, na wamekwisha kuamini kwamba ipo poda fulani ambayo, nikimpa mtu anayesafiri akaifikisha Tabora, itawafanya madume wetu wafanane na wale kabla kiangazi hakijaisha. Huu ni mwaka wangu wa saba katika shamba la kunenepeshea ng'ombe kusini-magharibi mwa jimbo la Kansas, na kabla ya hapo nilichunga ng'ombe wa baba pembezoni mwa mbuga ya Wembere tangu nikiwa mtoto mdogo, kwa hiyo naomba nilijibu swali hili mara moja na kwa kirefu. Poda ipo, nami naijua kwa jina na kwa kipimo. Ninachokipinga ni imani kwamba ndiyo inayotutenganisha na wao.

Kazi yangu ni kukagua mahori. Saa kumi na moja alfajiri, katika baridi inayofanya pumzi za ng'ombe zionekane kama moshi wa jikoni, napita na gari polepole kando ya hori refu la saruji nikimulika kwa tochi mbele ya kila zizi. Hori likiwa limelambwa hadi saruji inang'aa, najua kwamba ng'ombe wamelala na njaa na watakifakamia chakula cha asubuhi. Likiwa na chakula kingi kilichobaki, najua kuna jambo matumboni, pengine nafaka imezidi na tumbo limechachuka. Ninachopenda kukiona ni vipande vichache vilivyotawanyika, visivyotosha kujaza kiganja. Nikishaona hivyo ndipo ninaandika zizi lile lipewe kilo ngapi siku hiyo, na siruhusiwi kupandisha kiasi kwa ghafla hata kama ng'ombe wanalia. Shamba lina ng'ombe 40,000, kila zizi lina kumbukumbu zake, na katika miaka yote hii sijaona siku, iwe ya theluji au ya sikukuu, ambayo hori hata moja liliachwa bila kukaguliwa.

Chakula chenyewe ni mahindi yaliyopitishwa kwenye mvuke yakabanwa kuwa vipande vyembamba, machicha ya kiwanda cha ethanoli, saileji (majani mabichi yaliyofungiwa yakachachuka), mafuta kidogo, madini na chumvi. Mwishoni kabisa mashine inapima kwa gramu kile ambacho ndugu zangu wanakiita poda, na katika mashamba mengi ya huku ya kwanza kutajwa ni monensini. Hii ilitokana na bakteria wa udongoni, ikatumika kwanza kuwakinga kuku na koksidiosisi, ugonjwa wa matumbo, kisha mwaka 1975 Marekani ikaruhusu wapewe ng'ombe wa kunenepeshwa.

Ili kuelewa inachofanya, ni lazima kwanza kukubali kwamba anayemlisha ng'ombe anawalisha bakteria wengi wasiohesabika waliomo katika tumbo lake kubwa. Hao ndio wanaochachusha majani na nafaka, wakamwachia mnyama tindikali ambazo mwili wake unazigeuza kuwa nguvu na nyama, huku sehemu ya nguvu hiyo ikipotea kwa njia ya gesi ya methani anayoitoa kwa kubeua. Monensini inawabana baadhi ya bakteria, hasa wale ambao kazi yao huishia kwenye tindikali ya asetiki na haidrojeni, ikawapisha wale wanaotengeneza tindikali ya propioniki, ambayo ina faida kubwa zaidi kwa mnyama anayekua. Matokeo yake ni kwamba ng'ombe anakula pungufu kidogo na bado anaongezeka vile vile. Kipimo cha ng'ombe mmoja kwa siku hakifiki nusu gramu, na ni kitu cha kuogopwa, kwa sababu kiasi ambacho ng'ombe hakihisi kinaweza kuuharibu moyo wa farasi hadi akafa, na punda ni wa ukoo huo huo. Nawaomba wenye punda wa kubebea maji walikumbuke hilo kabla ya kumlisha punda makombo ya chakula cha kuku cha dukani.

Sasa hesabu. Ng'ombe anaingia hapa akiwa na kilo 350 hivi, anaongeza kilo moja na nusu kwa siku au zaidi, na baada ya miezi sita anatoka akiwa amepita kilo 600. Kila kilo anayoongeza inagharimu takriban kilo 6 za chakula kikavu, kwa hiyo kilo 270 za nyongeza zinahitaji kilo 1,620 za chakula. Monensini inaokoa takriban asilimia 6 ya chakula hicho, ambayo ni karibu kilo 100 kwa kila ng'ombe, na ukizidisha kwa ng'ombe 40,000 unapata tani 4,000. Hapo ndipo ninapoelewa kwa nini mwenye shamba hawezi kuiacha. Poda inamlipa kwa sababu hori limejaa tayari, chakula kimekamilika tayari, na maji yapo hatua chache kutoka mdomoni mwa ng'ombe.

Tuichukue hesabu hiyo hiyo tuipeleke Igunga mwezi wa Septemba. Nyasi za mbugani zimekauka zikawa na rangi ya makuti, na protini yake imeshuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho kikishapitwa bakteria wa tumboni nao wanashinda njaa, hawaongezeki wala hawawezi kuzisaga nyuzi ngumu. Ng'ombe anarudi jioni na tumbo lililojaa makapi yasiyosonga huku mbavu zikihesabika, na njiani ametembea mwendo mrefu kulifuata lambo lenye tope kuliko maji. Kilo alizozipata masika zinateketea kiangazi, anazipata tena, anazipoteza tena, na ndiyo maana dume wetu wa asili anaweza kufikisha miaka minne kabla hajafikisha kilo 250. Mnyama huyu ukimwekea monensini, itaokoa asilimia 6 ya kitu ambacho hakimo horini. Anachokosa ni naitrojeni, ambayo bakteria wake huila na kuigeuza protini, na hiyo tunayo sisi wenyewe, tena nyingine tunaichoma moto.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu niliwahi kuliharibu mwenyewe. Kiangazi cha mwaka 2021, nikiwa katika mapumziko mafupi ya kazi, nilimweleza mdogo wangu kwa simu kwamba urea ile ile tunayowekea mahindi inaweza kulishwa ng'ombe ikageuzwa protini tumboni. Nilichomweleza ni kweli kabisa, ila nilikata simu bila kumpa kipimo. Jioni ile alichota urea kwa kopo, akaikoroga katika maji pamoja na pumba, akawawekea maksai wa kulimia waliokuwa wamerudi machungani na njaa ya kutwa nzima. Saa mbili usiku kwao, ambayo kwangu ilikuwa adhuhuri, simu ikalia. "Kaka, maksai wanatetemeka, povu linawatoka, tumbo limevimba upande wa kushoto, niwape nini?" Nikamwambia awanyweshe siki, lita kadhaa kila mmoja, pamoja na maji baridi mengi. Dukani zilikuwepo chupa mbili ndogo za siki. Alipofika nazo nyumbani wawili walikuwa wamekwisha kufa, na yule wa tatu, aliyechelewa kufika kwenye ndoo, ndiye aliyepona. Msimu uliofuata nyumba yetu ililima kwa kukodi maksai wa jirani, na sijawahi kujisamehe kwa sentensi ile moja niliyoiacha.

Sentensi yenyewe ni hii, na ninaiandika kwa ukamilifu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni na ikifika tumboni inageuka amonia kwa haraka sana, kiasi kwamba bakteria wakiwa hawana wanga wa kutosha wa kuitumia, amonia inaingia kwenye damu na kuwa sumu. Kwa hiyo isipewe ng'ombe mwenye njaa, isiwekwe kwenye maji ya kunywa, wala isizidi asilimia 1 ya chakula kikavu anachokula kwa siku. Dume wa kilo 250 anayekula kilo 6 mwisho wake ni gramu 60, na hiyo gramu 60 inafikiwa baada ya wiki mbili au tatu za kupanda kidogo kidogo kuanzia gramu 15, ikichanganywa vizuri na pumba za mahindi au molasi. Ipimwe kwa mizani, ile ya dukani ya kupimia sukari inatosha, na asiyekuwa na mizani aiache kabisa. Ndama ambaye bado hajaanza kucheua asipewe, na punda asipewe.

Kwa mfugaji wa kawaida naona ipo njia iliyo salama zaidi, nayo ni kuitumia urea kwenye mabua. Baada ya mavuno ya mpunga Igunga na Nzega, mabua yanabaki mashambani kwa marundo, na watu wanayachoma ili kusafisha majaruba. Kilo 100 za mabua makavu zikinyunyiziwa maji yaliyoyeyushwa kilo 4 za urea, zikashindiliwa na kufunikwa kwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa kwa wiki tatu, zinatoka zikiwa laini, za rangi ya hudhurungi, zenye harufu kali ya amonia inayochoma pua. Unaziacha zipigwe na upepo kwa siku moja, kisha unawalisha. Mabua yale yale yaliyokuwa hayasagiki sasa yanasagika, na naitrojeni imo ndani yake kwa kiasi kisichoua.

Kisha kuna mashudu ya pamba, yaani makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mali kubwa tuliyonayo, na mtu wa Kansas angeyapata kwa bei tunayoyapata sisi wakati viwanda vinakamua, angeyajaza maghala. Tunangoja hadi Oktoba, ng'ombe wakiwa wamekwisha kulala chini, ndipo tunayatafuta kwa bei ya juu. Kilo moja na nusu ya mashudu kwa siku, pamoja na pumba, mabua yaliyotiwa urea kwa njia niliyoieleza, maji ya kutosha na chumvi ya Uvinza, kwa siku 75 hadi 90, inamtosha dume aliyekwisha kukomaa mifupa kuongeza zaidi ya nusu kilo kila siku, kwa sababu mnyama aliyekonda akipata lishe mwili wake hufidia kwa kasi. Ndama wasipewe mashudu ya pamba kwa wingi, maana yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, ambayo tumbo la ng'ombe mzima linaimudu na la ndama haliimudu.

Wazee wetu walilijua tatizo hili kabla ya mashine zozote. Ngitili, yaani eneo la majani linalofungwa tangu masika ili lifunguliwe kiangazi, lilikuwa ghala la chakula lililosimama, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulionyesha kwamba likirudishwa linarudi kweli. Inaniuma kuona katika vijiji vyetu ngitili nyingine zinageuzwa mashamba huku tukiulizana habari za poda.

Kuna mambo ya huku ambayo nisingependa yafike nyumbani hata kwa bure. Raktopamini, inayosukuma misuli ikue katika wiki za mwisho, imekatazwa Ulaya na China. Homoni zinazopandikizwa sikioni Ulaya ilizikataa tangu miaka ya 1980, na monensini yenyewe iliondolewa huko kama kichocheo cha ukuaji tarehe 1 Januari 2006. Sisi tunaotaka kuuza nyama nchi za nje tuna kila sababu ya kuilinda sifa ya nyama yetu, iliyokuzwa kwa majani. Pia sipendi kuona milima ya mahindi ikiliwa na ng'ombe, na Tabora, ambako mahindi ni ugali wa mtu, jambo hilo lisingekuwa sahihi hata kama lingelipa.

Lakini kuna jambo moja la huku ambalo ningelibeba kesho. Tangu mwaka 2017 Marekani imekataza kutumia antibayotiki muhimu kwa binadamu kwa ajili ya kukuzia mifugo, na katika shamba letu ng'ombe aliyechomwa sindano anaandikwa, anawekewa alama, na hapakiwi kwenda machinjioni hadi siku za dawa zitimie. Nyumbani, OTC, yaani antibayotiki ya oksitetrasaiklini, inanunuliwa kama sukari. Nimemshuhudia mtu akimdunga dume asubuhi ya siku ya mnada ili "achangamke", na jioni nyama yake ilikuwa buchani. Nimeshika mikononi mwangu mfuko wa poda ya kunenepesha usio na jina la kilichomo wala kipimo, ulionunuliwa na jirani yetu kwa bei ya gunia zima la mashudu, wakati Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo tunayo tangu mwaka 2010. Nawasihi ndugu zangu: kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji kilichomo, na akishindwa kujibu rudisheni mfuko wake.

Mdogo wangu sasa ana mizani, utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe, na daftari la mistari. Mashudu aliyanunua mwezi wa Julai. Madume sita wamefungwa chini ya mkwaju nyuma ya nyumba, na kila Jumapili ananitumia picha ya ukurasa. Ule wa juzi unasema: "Dume mwekundu, kifua sm 146, wiki tatu nyuma 143. Mweupe mwenye baka, 141, hajaongezeka, jana hakumaliza chakula." Nimemjibu kwamba huyo mweupe asiongezewe chochote kesho, amwangalie kwanza kinyesi, kisha alimulike hori lake kabla jua halijachomoza.